Uso Usioguswa: Hilda Joakimu Margwe, 1976–2013

Picha iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki haikuharibikia mtamboni. Taya la kushoto halipo, mdomo umevutwa upande, na ndivyo alivyokuwa. Hilda Joakimu Margwe aliichagua mwenyewe picha hiyo, akaipanga mwenyewe kwenye ukurasa, akaagiza isiguswe. Mdogo wake Eva, anayewasomea wasifu huu, alishika agizo hilo kwa mikono miwili. Kwa nini alilishika, mtajua mkisikiliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 katika kata ya Nambis, wilayani Mbulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Joakimu Margwe, ambaye ametangulia mbele ya haki, na Mama Bernadina, ambaye yupo nasi hapa. Alibatizwa kabla mahindi ya mwaka huo hayajavunwa. Alikua kama watoto wengine wa huko, kuchota maji, kuchunga, kupalilia maharage, na kugombana na kaka yake Marko kuhusu nani aliyemwachia ndama akaingia shambani. Ugomvi huo haukuwahi kuamuliwa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nambis kuanzia mwaka 1984 hadi 1990. Alikuwa na mkono mzuri kupita kiasi. Akiwa darasa la sita alikuwa anawaandikia wenzake barua za kuombea ruhusa, kila moja kwa mwandiko wa mzazi husika, hadi siku aliyomwandikia mtoto wa Mzee Patriki. Mwalimu mkuu alimwita akamwuliza ilikuwaje Mzee Patriki, ambaye kijiji kizima kilijua anaweka dole gumba, ameamka na mwandiko wa karani. Marehemu alijibu, "Shikamoo, mwalimu." Alifagia uwanja wiki mbili. Alimaliza kidato cha nne mjini Mbulu mwaka 1994, kisha akasomea uhazili Arusha na kuhitimu mwaka 1996.

Mwaka 1998, wakati kila mwenye mlango unaotazama barabara pale Katesh alikuwa anafungua duka, naye alifungua lake karibu na stendi, chumba kimoja chenye meza na mashine ya kupiga chapa. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, kila ofisi ilitaka karatasi zenye jina la mkoa mpya, na mashine ile haikupumzika. Mwaka uliofuata alileta kompyuta iliyokwisha tumika, printa na kamera. Ndani ya kompyuta ilikuwamo programu ya kuhariri picha, ambayo Katesh nzima iliita fotoshopu. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwondoa mbuzi aliyesimama kati ya bwana harusi na bibi harusi. Alifaulu kumwondoa, isipokuwa kwato moja, na wenye harusi hawajaiona hadi leo. Sasa wamejua.

Hapo ndipo Mwalimu Felician, aliyehamishiwa Katesh kutoka Kagera, alipoanza kuja kupigwa picha za pasipoti. Alikuja mara nne ndani ya miezi miwili, na hakuwa na safari yoyote. Mara ya nne marehemu alimwambia, "Mwalimu, hii sura nimeshaizoea, sasa sema shida yako." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 26 Juni 2004, na Mungu akawajalia Odilia na Ignasi.

Sasa tuseme lile ambalo wengi mnalijua nusu nusu. Mwaka 2006 dada Evelyne wa Getanuwas alirekodi kaseti yake ya kwanza ya nyimbo za injili. Evelyne ana kovu la moto shavu la kushoto tangu alipokuwa na miaka minne, na hakuwahi kulificha, wala kanisani wala sokoni. Mfadhili wa kaseti, Bwana Wolfgang, mfanyabiashara wa Arusha, alimpa marehemu kazi ya jalada na mabango, akasema kovu haliuzi. Marehemu akalitoa. Alinakili ngozi ya shavu la kulia akaipandikiza kushoto, akamng'arisha, akauondoa Mlima Hanang nyuma yake na kuweka maporomoko ya maji ambayo hata hakujua ni ya nchi gani. Ilimchukua siku tatu. Kila aliyepita dukani aliisifu, na picha ikaenda kuchapwa kabla Evelyne hajaiona.

Uzinduzi ulikuwa Katesh, Jumamosi, tarehe 19 Agosti 2006. Evelyne alifika mlangoni mwa ukumbi na gitaa lake. Bawabu, kijana mgeni kutoka Singida, akamzuia.

"Dada, leo pana uzinduzi. Subiri hapo pembeni."

"Ndiyo mimi ninayezindua."

"Mwimbaji ni yule pale ukutani," akasema bawabu, akionyesha bango.

Marehemu alikimbia kutoka ndani. Akasema, "Ndiye huyu." Bawabu aliangalia bango, akamwangalia Evelyne, akauliza bila ubaya wowote, "Sasa yule ni nani?"

Safari hii shikamoo isingemsaidia marehemu. Evelyne aliingia akaimba nyimbo zote nane, lakini aliimba akiwa ameivuta khanga juu ya shavu. Watu wa Getanuwas waliokuwepo hawakuwahi kumwona akijifunika. Mama mmoja wa kwao alilia waziwazi. Marehemu aliwaambia ndugu zake baadaye, "Nilimuuliza kila mtu isipokuwa mwenye uso wake." Aliona aibu kubwa, na hakuwahi kujitetea.

Jumatatu alifungua duka, akarudisha kovu. Akaurudisha na Mlima Hanang, pamoja na wingu lake. Bwana Wolfgang alisema hataki kuona bango hilo, akajitoa. Marehemu akachapa mwenyewe kwenye printa yake ya dukani, na yeye na Evelyne wakabandika mabango mapya juu ya yale ya zamani, ukuta kwa ukuta, Katesh, Getanuwas, hadi Mbulu mjini. Kuna waliosema amechanganyikiwa. Kuna waliosema duka litakufa ndani ya mwezi. Baadhi yao wamekaa hapa leo. Karibuni sana, na duka bado lipo. Kama kaseti ilipendwa au haikupendwa, jiulizeni ninyi wenyewe ilikuwaje mkaimba pamoja na Evelyne asubuhi hii bila kushika karatasi.

Tangu siku hiyo dukani palikuwa na maandishi makubwa: MWANGA TUNAREKEBISHA. SURA HATUREKEBISHI. Maharusi walinuna. Mgombea udiwani mmoja alitaka aongezewe nywele. Akaondoka na upara wake, akashinda nao.

Mwezi Mei 2011 marehemu aliona uvimbe chini ya taya. Ilikuwa saratani. Machi 2012 alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya rufaa, na sehemu ya taya ikaondolewa. Aliporudi, alikaa kiti kile kile, dirisha lile lile linalotazama stendi. Mteja mmoja, kwa nia njema, alimshauri ajitande khanga ili watoto wasiogope. Marehemu alimjibu kwa sauti yake iliyobaki, "Nilimfunika mtu mmoja. Sirudii." Watoto waliogopa siku mbili tatu, kisha wakazoea, wakaanza kumwomba pipi kama zamani.

Agosti mwaka huu alimwita Evelyne ampige picha. Aliiweka kwenye kijitabu hiki, akapanga nyimbo na masomo, akaacha nafasi moja tu, ya tarehe. Alifariki nyumbani kwake Katesh, Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2013, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mwalimu Felician. Eva ndiye aliyeijaza ile nafasi, na haikuwa kazi nyepesi.

Jumatano palikuwa na kikao cha familia. Kaka Marko alikuja na picha nyingine. Alikuwa ameipeleka ile ya Agosti kwenye studio nyingine, wakamrudishia Hilda taya, mdomo ukanyooka. Alikuwa mzuri kweli. Marko alisema, "Siwezi kumzika dada yangu akiwa hivi. Watu watakumbuka ugonjwa tu." Eva alikataa, na maneno yaliyosemwa hapo hayafai kuchapwa. Mwishowe picha zote mbili zikawekwa mapajani mwa Mama Bernadina. Aliitazama ile iliyonyooshwa kwa muda mrefu, akauliza, "Huyu ni wa nani?" Akaichukua ile nyingine, akaipangusa kwa upindo wa khanga yake. "Huyu ndiye niliyemlisha uji kwa kijiko mwaka mzima. Mnataka kumficha huyu?"

Kikao kikaisha. Na aliyeibeba picha hiyo leo mbele ya jeneza, kutoka nyumbani hadi hapa, bila kuipa mtu mwingine, ni kaka Marko.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Felician. Watoto wawili, Odilia na Ignasi. Mama yake mzazi, Bernadina. Ndugu wanne, Marko, Basili, Joakimu na Eva. Na Evelyne, aliyekuwa kama ndugu wa sita. Jeneza litafunguliwa kwa heshima za mwisho, kama alivyoagiza. Na wewe uliyekikunja kijitabu ili usiione sura yake, kikunjue.

Mungu ampokee dada yetu na uso wake huo huo, na huko aliko apumzike kwa amani.