Historia ya Mwalimu Bernadetta na Mto wa Mabatini

Baba Paroko, shemeji yetu Mzee Projest, wana wa marehemu, ndugu mliokuja kwa meli kutoka Bukoba, na ninyi majirani wa Mabatini, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Nestory, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome historia hii, na imeniomba niisome kwa upole, nami nitajitahidi.

Marehemu Mwalimu Bernadetta Rweyemamu alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa pili wa wakulima wa kahawa na migomba, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari akasoma Bukoba, na mwaka 1980 akahitimu ualimu wa jiografia. Mwaka uliofuata alipangiwa kazi hapa Mwanza, akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2018, na wengi mliokaa kwenye viti hivi mmepita mikononi mwake.

Alifunga ndoa na Projest, fundi seremala, tarehe 14 Septemba 1985, wakajaliwa watoto watatu, kifungua mimba wao ni Rachel, ambaye anaishi na wanawe katika nyumba hii, iliyojengwa mwaka 1994, wakati mto huu ulio nyuma yetu bado ulikuwa na nafasi ya kupita. Kila mwaka aliwaleta wanafunzi hapa ukingoni, akawaonyesha jinsi vijito vinavyoshuka kwenye mawe ya vilima vyetu na kuungana kuwa mto mmoja, jinsi maji yanavyokuja kwa kasi yakibeba mchanga, yakifika hapa tambarare yanapoteza nguvu na kuutua, kisha yanapita kata ya Mirongo taratibu hadi ziwani, na jinsi penye kona mto unavyokula ukingo mmoja na kuujaza mwingine, hivyo lazima uachiwe nafasi. Mlimsikia, mkafaulu mitihani, halafu mkajenga kuta mpaka kwenye maji.

Tena mkaja na desturi ya kusubiri mvua. Wingu likifunga tu, kila nyumba inatoa sandarusi zake za taka, watu wanaitana kwamba gari la taka limefika, wanamwaga mtoni huku wanacheka. Marehemu alisimama kwenye mkutano wa mtaa akawasihi muache, na mmoja wenu akamjibu, "Mwalimu, sasa maji yana kazi gani kama siyo kubeba?" Akamweleza kwamba maji hubeba yakiwa na kasi, yakipungua kasi huacha kila kitu palepale, na hapa petu yanapungulia kwenye kalavati, pale mto unapopita chini ya barabara. Mkapiga makofi, mkaenda nyumbani.

Utaratibu unataka nitaje ugonjwa wa marehemu. Hakuugua kitu. Jumanne ya tarehe 16 Aprili 2024, mchana, mvua ilipoanza, alichukua reki kama kawaida yake akaenda kuzivuta sandarusi zenu kwenye kalavati, lakini zilikuwa zimekwisha kuliziba, maji yakajaa nyuma ya kalavati, yakageukia ukingo aliokuwa amesimama juu yake, yakaula kwa chini, udongo ukakatika naye akaenda nao. Alipatikana karibu na ziwa. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakuwa na la kuokoa lakini walimsafisha tope kwa heshima kabla hatujamwona, nawashukuru walimu wenzake, na majirani nawashukuru kwa maturubai, kwa kupika, na kwa vijana walioingia majini kumtafuta.

Ila leo asubuhi, dada yangu akiwa ndani ya jeneza sebuleni, wingu limefunga tena, na nimeona kwa macho yangu sandarusi za makombo na sahani za msiba huu zikishushwa mtoni. Msiba wake yeye! Nimezirudisha mwenyewe, ndizo hizo zinazonuka pembeni ya jeneza, na hatuendi makaburini mpaka zipande gari kwenda dampo, kwa sababu jioni ninyi mtatawanyika, lakini Rachel na watoto watalala humu.

Dada, lala, kazi yako umeimaliza. Waliojitokeza kubeba jeneza lako ni wengi kuliko wanaohitajika. Wa kubeba sandarusi mpaka sasa hajasimama hata mmoja, nami nimesimama hapa nasubiri.