Mzee Aminieli Swai na Nyota ya Makala ya Barafu

Ifikapo tarehe 31 Desemba 2008, Mzee Aminieli Swai wa Masama atakuwa amemaliza miaka kumi na tisa ya kuwa Mhakiki wa Makala Bora wa chama chetu, naye atastaafu rasmi. Kazi hiyo alijipa mwenyewe, haikuwa na mshahara, na kwa miaka yote hiyo hakuna mwanachama aliyethubutu kumwomba aiache. Alipotangaza kwamba anapumzika, makofi yalipigwa kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Kamati imeombwa ieleze katika programu hii kwamba yalikuwa makofi ya shukrani, na kamati inaeleza hivyo.

Kwa kuwa sherehe itahudhuriwa na jamaa za Mzee, ambao baadhi yao hadi leo wanaamini kwamba huwa anateremka Rau kuhudhuria kikao cha ushirika, ni vema tueleze kwanza alikuwa akifanya nini hasa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, Jumapili alasiri, kulikuwa na mchezo wa redio ulioitwa "Kituo cha Zohali". Ulihusu mafundi wa Kitanzania wanaoishi kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, mwezi ambao wote ni barafu. Siku moja mchezo ulikatika bila maelezo, na kanda hazikutunzwa. Sisi tuliobaki nao kichwani tuliamua kuandika kila tunachokikumbuka, kidogo kidogo, kila jambo na makala yake. Mwaka 1989 makala hizo zilikuwa karatasi za taipureta ndani ya majalada. Mwaka 2005 katibu wetu, Mektrida Mushi, mwenye kafe ya intaneti karibu na stendi, alizihamishia zote, kila moja na jina la mwandishi wake, kwenye tovuti ya aina ile iitwayo wiki. Wiki ni ensaiklopidia isiyo na mlango: msomaji yeyote anabonyeza "hariri", anasahihisha alichoandika mwenzake, na jina lake linabaki kwenye ukurasa wa historia ili ijulikane nani alitia nini.

Makala iliyo nzuri kupita kawaida huwekewa nyota nyekundu. Lakini makala huchakaa, kwa sababu mmoja anaongeza na mwingine anaharibu, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu tunakutana nyumbani kwa Mektrida, huko Rau, kuzipitia zenye nyota na kuamua ipi ibaki nayo na ipi ivuliwe. Neno "kuamua" limetumika hapa kwa heshima tu. Sisi tulikuwa tunakaa na kunywa chai. Mzee Swai alikuwa anavua.

Kitaaluma yeye ni mwonja kahawa. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi hapa Moshi, enzi ambazo kahawa yote ya mlimani ilipita njia moja. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na waonjaji wao, Mzee akapunguzwa kazi, na ulimi ule wote ukatuangukia sisi. Namna yake ya kuhakiki haikutofautiana hata kidogo na ya kiwandani. Aliisoma makala kwa sauti, akanywa funda la maji, akaliviringisha mdomoni, akatema kwenye kopo alilokuja nalo kutoka nyumbani, kisha akatoa hukumu. "Hii haina uzito." "Hii imechacha kuanzia aya ya pili." Julius Mlay alivuliwa nyota zake zote katika kikao kimoja, akahamia kwaya, na tunasikia huko wanamthamini.

Godwin Lema, fundi wa magari, yeye hakuondoka, ingawa alikuwa na kila sababu. Makala yake juu ya vyakula vya Kituo ilidai kwamba mafundi walikula mtori kila Jumamosi.

"Godwin," Mzee alimwambia mbele ya watu wote, "hizo ndizi zilimea wapi? Kwenye barafu?"

"Walizibeba kutoka nyumbani, Mzee."

"Mikungu mizima? Ile ni roketi au Fuso?"

Nyota ikavuliwa. Godwin alipolalamika kwamba ile ni makala yake na kwamba ana uhakika mtori aliusikia redioni, Mzee alimpa somo refu, nalo lilikuwa somo la haki: kwenye wiki makala haina mwenyewe, aliyeandika jana hana haki kuliko anayesahihisha leo, na mwenye kuionea uchungu sentensi yake akafuge kuku.

Somo hilo lilihusu kila makala isipokuwa moja. Hiyo ni "Barafu ya Chini ya Kituo", aliyoiandika Mzee mwenyewe mwaka ule wa kwanza, akaiwekea nyota mwenyewe, na ambayo haikuwahi kupitiwa hata mara moja. Zamu yake ikifika, Mzee alikuwa na msimu wa kuchuma kahawa Masama, au msiba, au umeme ulikuwa unaelekea kukatika. Sababu zote zilipokwisha alibaki na moja ambayo haikupingika: "Mwonjaji haonji kahawa ya shamba lake." Ikawekwa pembeni. Naye alitaka astaafu hivyo, akiwa mwandishi pekee ambaye nyota yake haijawahi kuguswa, na alilisema jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kujifanya hajalisikia. Kuisoma tena, hakuisoma. Alisema anaijua kwa moyo.

Hapa lazima tumtaje Hilda Kimaro, karani wa wakala wa forodha kule Holili, ambaye kila baada ya miezi mitatu alipanda basi kuja kuhukumiwa. Makala yake kuhusu taa za Kituo ni nzuri. Tuliisoma sote, na sote tulinyamaza kwa woga. Kila kikao ilikuwa hivi:

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, binti. Hii bado mbichi. Irudishe kwenye mti."

"Asante Mzee. Nitaiacha iive."

Aliiacha iive kweli. Na alipokuwa akisubiri, kwa kuwa foleni ya malori mpakani ni ndefu na kompyuta ya ofisini kwao haina kazi nyingi mchana, alianza kusahihisha makala za watu wengine, moja baada ya nyingine, bila kumwambia mtu.

Kikao cha mwisho cha Mzee kilifanyika Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Mektrida alikuwa ameleta kompyuta nyumbani, na alipomaliza kumimina chai alisema kwamba zamu ya "Barafu" imefika.

"Mwonjaji haonji kahawa ya shamba lake," Mzee alijibu. "Weka pembeni."

"Imekaa pembeni mpaka imeota ukungu, Mzee. Isome tu. Hatutaki uamue."

Kusoma hakukumtisha, hasa kusoma jambo alilodhani ni lake. Alivaa miwani akaanza. Alipofika kwenye sentensi isemayo kwamba mafundi wa Kituo walijua muda kwa kusikiliza barafu ikipasuka chini ya vitanda vyao, alisimama, akairudia polepole, akatutazama mmoja mmoja juu ya miwani.

"Mmesikia? Nani kati yenu angeandika hivi? Hilda, sikiliza, mwanangu. Hii ndiyo kahawa iliyoiva."

"Nimesikia, Mzee," alisema Hilda.

Aliendelea hivyo ukurasa mzima, akisoma na kujipongeza, akionyesha kwa kidole mahali ambapo kizazi cha sasa kingekosea. Karibu na mwisho uso ukabadilika. Alisoma: "Barafu ya Zohali ni ya baridi sana, kwa sababu ni barafu." Akaisoma tena. Akatema maji kabla hata hajayaviringisha.

"Nani huyu? Nauliza, ni mpumbavu gani aliyeingia shambani kwangu?"

Mektrida alifungua ukurasa wa historia. Hakufanya haraka. Alianza na ile ya barafu ikipasuka chini ya vitanda: Hilda, mwezi wa nne mwaka huu. Aya iliyoifuata, Hilda. Maelezo ya vifaa vya kutobolea barafu, yale ambayo Mzee alisema yana uzito, Godwin Lema, fundi wa magari. Halafu Hilda tena, na tena. Sentensi baada ya sentensi, maneno ya mwaka ule wa kwanza yalikuwa yamebadilishwa na watu hawa kidogo kidogo, kila mmoja akiwa na sababu nzuri, hadi ya zamani iliyosalia ikawa moja tu. Mektrida aliigusa kwenye skrini. A. Swai.

"Tena ni kweli, Mzee," alisema Godwin, ambaye alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu mtori. "Barafu ni ya baridi."

Mzee alivua miwani. Alisema kwamba kwa vyovyote vile yeye hawezi kuitolea uamuzi, kwa maana ni makala yake.

"Sasa unaweza," Mektrida alimjibu. "Shamba si lako tena."

Tuwaeleze jamaa za Mzee maneno hayo yalimpa nafasi gani. Mhakiki ana mamlaka yote hadi siku ya mwisho ya utumishi wake. Kuivua nyota ile kungemwokoa: angesema makala imeingiliwa na watu wengi mno, angeondoka na hadithi kwamba ile ya kwake, ya taipureta, ilikuwa bora zaidi, na hakuna ambaye angeweza kubisha, kwa sababu majalada yale yaliliwa na mchwa zamani, na wiki yetu hutunza jina la aliyebadilisha, si maneno yaliyofutwa. Tumemwona akivua kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Hilda aliangalia kikombe chake. Nyota pekee iliyowahi kukaa juu ya maneno yake ilikuwa ile, na jina lililosifiwa nayo lilikuwa la mtu mwingine.

"Hariri iko wapi?" Mzee aliuliza.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba mtu aliyewahukumu wahariri miaka yote hiyo hakuwahi kuhariri chochote. Mektrida alimsogezea kipanya na kumwonyesha. Mzee aliitafuta sentensi ya baridi, akaifuta kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kama mtu anayeokota kahawa mbovu kwenye mkeka. Akahifadhi.

"Nyota ibaki," alisema. Kisha, bila kumtazama Hilda: "Ile ya taa, ilete Februari."

"Februari hutakuwepo, Mzee."

"Ndiyo maana nakwambia uilete."

Chama kinamshukuru Mzee Aminieli Swai kwa kutufundisha kusoma kwa sauti, jambo ambalo linafichua mengi, na kwa nyota chache alizoziacha mahali pake. Kinamshukuru pia Mama Eliufoo, mkewe, ambaye kwa miaka yote hii aliyasikia makosa yetu kila jioni ya siku ya kikao bila kuwa amefanya kosa lolote. Kwa waliovuliwa tunasema poleni. Baadhi yenu mlistahili. Nafasi ya Mzee itashikwa na kamati ya watu watatu, na tayari wameshindwa kukubaliana nani alete chai.

Mzee, tunakuombea afya, mvua za kutosha Masama, na asubuhi ambazo huna haja ya kutema chochote. "Barafu ya Chini ya Kituo" haina tena neno lako hata moja, na nyota yake iko juu. Hiyo ndiyo kazi yako tuliyoipenda kuliko zote.