Kaka Antoni na Kuchi wa Juliana

Baba Paroko, ndugu, majirani, nanyi mliotoka Madibira na Mbeya, mimi ni Gideon, mdogo wa marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha yake.

Kaka yetu Antoni Kalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Kilolo, akasoma hapa kijijini hadi darasa la saba, akalima, na mwaka 1999 akaenda Madibira, alikokuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga hadi aliporudi nyumbani mwaka 2014.

Tarehe 22 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Juliana, wakajaliwa Kalista, anayefanya biashara Mwanjelwa, na Adrian, aliyeko machimboni Makongolosi. Ugomvi wao ulikuwa kuku tu, kwani kaka alipenda kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, akisema hawalemewi na joto wala hawasumbui kunyonyoa, ilhali shemeji alipenda kuchi, warefu, wenye hasira za bure, ambao kaka alisema wanakula kama wageni na kutaga mpaka wabembelezwe, hivyo kila mmoja akawa na banda lake.

Shemeji alifariki tarehe 3 Juni 2019, na siku ya kumaliza tanga wapishi walianza kukimbiza kuchi, wakijua mwenye nyumba hawapendi, lakini kaka akafungua banda lake mwenyewe, akawatoa kishingo wote wachinjwe. Nilipomuuliza alinijibu, "Kishingo nilikuwa nawapenda mimi. Hawa aliwapenda yeye."

Tangu hapo alibaki peke yake na kuchi, na chakula cha jioni alikilia mlangoni pa banda lao. Kalista alimletea sasso, kuku wa kisasa, kaka akashukuru, kisha akampa jirani yetu Devota, akisema kuku asiyeatamia, nyumba anaipita tu. Watoto walipiga simu, nasi ndugu kila mwaka tuliahidi kuja Krismasi, halafu tukalalamikia nauli.

Mwaka 2023 alianza kuugua moyo, na tarehe 11 Mei 2025 Devota aliona imefika saa nne kuku hawajafunguliwa, akaingia ndani, akamkuta ameanguka. Alifariki hospitalini Iringa tarehe 16 Mei, baada ya kuomba jambo moja, kwamba kuchi wasichinjwe msibani kwake, ndiyo maana jana mmekula maharage, na wapishi msiwalaumu. Devota amekubali kuwatunza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi kwenye mvua, wenzake wa mashine waliokuja na mchele, na Devota, ambaye alipita uani kwa kaka kila siku bila kualikwa.

Kaka, leo uani kwako hapana pa kuweka kiti, tumekuja wote, hata wa Makongolosi amefika, na ingekuwa Krismasi ungefurahi sana. Lala salama, kaka, kando ya Juliana wako.