Isale Nililolitupa Kwenye Filamu

Bwana asifiwe, akina mama. Nimesimama kushukuru, na majina sitataja, maana wengine tumekaa nao humu humu.

Mnaikumbuka filamu ya vijana wetu. Walichukua riwaya ya zamani ya Pwani tuliyoisoma shuleni: mama anamfukuza mke wa mwanawe, binti anarudi kupiga magoti, mama anamfungia mlango. Mwongozaji, kijana wa hapa hapa, akaihamishia mlimani. Minazi ikawa migomba. Mimi nikapewa kuigiza mama mkwe, eti nina sura ya ukali. Chekeni tu, nawaona.

Mwongozaji akataka binti aje ameshika isale. Ninyi mlioolewa huku mkitokea mbali, hilo ndilo jani la kuombea msamaha. Ukiletewa, hata kama mtu amekuulia ng'ombe, unapokea. Nikamwuliza, "Mwanangu, nikishaletewa isale nitafungaje mlango?"

Akasema, "Mama, kitabuni anafunga. Tusiharibu kitabu."

Nikalitupa jani chini, nikafunga.

Filamu ikaingia kwenye simu za watu. Sokoni Bomang'ombe, mteja wangu wa ndizi akanipita kama hanijui. Msibani nikikaa kwenye benchi, wenzangu wanahama mmoja mmoja. Nikieleza kwamba yale ni maigizo, najibiwa, "Jani lilikuwa la kweli." Na kweli, tulilichuma mpakani mwa kihamba changu mwenyewe, shamba langu la migomba hapo nyumbani.

Kisha likaja kubwa. Wakwe watarajiwa wa mwanangu wakatuma neno: binti yao hawampeleki kwa mama aliyekataa isale. Mwanangu hakunilaumu. Alikaa tu jikoni akichochea moto. Nawaambia, ndugu zangu, heri angenitukana. Nikitoka nje ni macho ya watu, nikibaki ndani ni uso wake. Nilinaswa, sikuwa na pa kwenda. Hata kusali nilishindwa.

Jumapili moja baada ya ibada, yule mwongozaji akaja uani kwangu. Amepiga magoti, mkononi isale. Majirani wamejaa, na shangazi wa yule binti mchumba yupo. Akasema, "Mama, nilileta hadithi huku kwetu, nikaacha kuwauliza wenyeji. Nisamehe."

Mnadhani nilipokea mara moja? Nilimkasirikia kijana yule mpaka nikaushika mlango niufunge. Siku hiyo ndipo nilipomwelewa mama wa kitabuni. Shuleni tulifundishwa kwamba ni katili, basi. Kumbe kufunga mlango kuna utamu wake. Nilisimama kizingitini, mwanangu akinitazama.

Nikashuka, nikalipokea. Nikamwinua. Tukalia wote wawili kama watoto.

Shangazi yule ndiye aliyekwenda kusema kwao alichokiona, nao wakakubali ndoa. Namshukuru, na ninyi mliorudi kukaa nami benchi moja nawashukuru. Vijana walipiga upya sehemu ya mwisho, safari hii mama anapokea isale. Mwalimu mmoja analalamika kwamba riwaya imeharibiwa, na sibishani naye, kusoma amesoma. Ninachowaomba vijana ni hiki: vitabu vya zamani vileteni, tunavipenda, ila kabla hamjamvika mtu mzima maneno ya kitabu, msikilizeni anaposema hapana.

Leo asubuhi mke wa mwanangu aliniambia, "Mama, wewe nenda kanisani, ng'ombe nitawakatia majani mimi." Niliposikia ananiita mama, nilichukua Biblia nikatoka haraka. Nimekuja njia nzima nikifuta machozi kwa kanga.