Spika za Nyuma Zimenuna

Ndani ya basi, seremala alimlalamikia fundi redio aliyeketi naye: "TV mpya, smati, amplifaya nzima, ila spika za nyuma zimenuna. Mama yangu haoni, filamu anaifuata kwa masikio."

"Waya wa HDMI wa amplifaya umeuchomeka tundu gani la TV?"

"Lolote. Si yanafanana?"

"Kaka, ni lile lililoandikwa ARC tu linalopeleka sauti kwenye amplifaya. Halafu kwenye mipangilio ya TV, ondoa stirio, hiyo ni ya spika mbili za mbele tu; weka sauti ya kuzunguka."

"Si niongeze sauti tu, yaishe?"

"Utamtoboa masikio bure. Babu yangu naye haoni. Nilipomfungia spika za nyuma, mvua ya filamu ilimnyeshea kisogoni. Akainuka, akaenda moja kwa moja kufunga dirisha la nyuma, bila kupapasa."

Seremala aliandika "ARC" kiganjani. Basi liliposimama, alishuka polepole, akijishika kisogo kikavu.