Fabiano Okwera, Aliyezifanya Redio za Mifereji Zikeshe

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mzee Fabiano Okwera anastaafu tarehe 30 Juni 2014. Wengi wenu mnamjua kwa lile koti la mvua la kijani analolivaa hata jua likiwaka, na kwa ngazi anayoibeba begani kama wengine wanavyobeba mwavuli. Nimeombwa mimi niandike kwa sababu tunakaa dawati moja. Wamesema niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Mzee ni mtoto wa polisi, kazaliwa kambini, na Kiswahili chake ni cha kambini: kifupi kama amri, lakini kina kicheko ndani. Alianza nasi mwaka 1988 kama fundi wa redio za sauti, wakati jiji letu la Kampala bado linaokota nyaya zake baada ya vita. Zilipokuja modemu za redio, zinazotuma namba badala ya sauti, yeye ndiye aliyepewa kuzipanga. Ndizo hizi zilizo kwenye mifereji, zinazopima maji na kutuambia yamefika wapi, ili sisi tupige king'ora watu watoke.

Kila modemu, alitufundisha, lazima ijue iko katika hali gani. Ya ofisini inauliza. Za mifereji zinajibu zikiulizwa tu. Ile ya juu ya paa, Wandegeya, inarudia maneno ya zile za bondeni ambazo sauti yao haitufikii. "Ni kama nyumbani kwa wakwe," alikuwa akisema. "Ukiongea kabla hujaulizwa, umeharibu."

Kuna siku dereva wetu Barnabé, kwa nia njema kabisa, aliipanga modemu ya mfereji wa Bwaise, kule bondeni, sawasawa na ile ya Wandegeya, kwamba nayo irudie. Kisha akanyanyua boya, lile linaloelea kupima kimo cha maji, kwa mkono kujaribu kama inasoma. Namba ile ya maji mengi ikaanza kwenda na kurudi, Bwaise ikiirudia Wandegeya, Wandegeya ikiirudia Bwaise, hakuna wa kuinyamazisha. King'ora kikalia asubuhi nzima, juu hakuna hata wingu. Watu wakapandisha magodoro juu ya mabati. Mzee alipofika, Marie-Louise, yule mama wa chapati, alimngoja njiani: "Mzee wa mvua, mvua yako iko wapi? Tuione basi." Mzee hakumtaja Barnabé. Aliomba radhi kama kosa ni lake, akavua koti, akaanza kushusha magodoro. Tangu hapo hakuna modemu iliyotoka ofisini kabla haijaongea na mwenzake juu ya meza, yeye akisikiliza.

Mwaka uliofuata maji yalikuja kweli, mchana, watoto wakiwa wamelala. King'ora kililia mapema. Mimi nilitoka nyumbani kwetu Bwaise na binti yangu Aber kifuani na sufuria moja. Nyumba ilikwenda, lakini sisi tulibaki, na majirani wa safu yetu wote walibaki. Hayo ndiyo mafanikio ya Mzee. Sijui kama kuna cheti cha jambo kama hilo.

Sasa nifike pale nisipopenda. Mwezi uliopita tuliambiwa betri mpya hazitanunuliwa, na nafasi ya Mzee haitajazwa. Ili betri zilizopo zidumu, modemu zote za mifereji ziwekwe katika hali ya kulala. Kila moja iamke mara moja kwa saa, iseme maji yako wapi, ilale tena. Ikilala, hata tukiiuliza haisikii. Na mfereji wa Bwaise hujaa na kumwagika ndani ya nusu saa. Kila anayekaa pale anajua, nami nakaa pale.

Mzee alikwenda kwa wakubwa akaeleza. Walimsikiliza kwa heshima, wakampa chai. Akarudi tena. Jibu likawa lilelile, na kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kuzipanga, kazi ya kuzilaza akapewa yeye. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho kwetu.

Bwaise aliiacha ya mwisho. Nilimshikia ngazi, Aber mgongoni. Marie-Louise akaja na chapati kwenye karatasi. "Unatutengenezea, mzee?"

"Hapana, mama. Naipunguza." Akashuka, akamweleza yote bila kuficha: kuanzia leo msingoje king'ora, mvua ikianza tokeni. Akaenda kusema hivyohivyo mlango kwa mlango. Wengine walimcheka, wakikumbuka magodoro. Aliendelea tu.

Wakubwa wetu mtakaosoma hapa, siandiki kwa hasira, sina hata nguvu yake. Naandika ili ijulikane kwamba aliwaambia.

Mzee Fabiano, asante. Asante kwa kunifundisha kazi bila kuniuliza nilisoma mpaka wapi. Ufike nyumbani Kitgum salama, simsim ikubali shambani, magoti yapone, wajukuu wakuchoshe vizuri. Tunakuombea miaka mingi isiyo na ngazi.

Ombi letu ni moja. Tunakujua wewe: hata ukiwa likizo, ukisikia Kampala mvua inanyesha, unapiga simu kuuliza Bwaise inasema nini. Usipige, mzee wetu. Atakayeipokea ni mimi, na sitakuwa na la kukuambia mpaka saa itimie.

Alum, Mama Aber
Dawati la Tahadhari