Loveness Ernesti na Kikohozi Kilichoitwa Vumbi

Beatrisi, mama wa marehemu, ameomba haya yasomwe kama yalivyo. Hataki kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Loveness alizaliwa Pangani tarehe 14 Machi 2021, kifungua mimba wa Ernesti na Beatrisi. Katika ujauzito huo Beatrisi alipimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI, akaanzishiwa dawa. Mtoto angali ananyonya, wakahamia kwa wakwe, kambi ya mkonge, Muheza. Pale akaogopa macho ya watu, dawa akaziacha. Kosa hilo ni lake, na analisema mwenyewe.

Shule Loveness hakufika. Kazi na ndoa, zinazosomwa kwenye wasifu wa wakubwa, tunaziruka. Alihesabu mpaka kumi na mbili, saba akiisahau kila mara, na ukimsahihisha anakununia.

Mwaka jana Ernesti alianza kukohoa. Akiambiwa apime, anafoka: "Vumbi la mkonge hilo, niacheni!" Novemba mtoto naye akaanza. Wakubwa wa nyumba wakasema ni kimeo, akaitwa mkataji, akakikata. Mtoto akatema damu, kikohozi kikabaki palepale. Jamani! Miezi mitatu ikapotea.

Februari 2025 Beatrisi alimbeba mgongoni hadi hospitali, kilo tisa tu. Mtoto mdogo hajui kutoa makohozi, basi wakamvuta maji ya tumboni kwa mpira, asubuhi kabla hajala. Kifua kikuu kikaonekana, na virusi pia. Akaanza dawa za kifua, kisha za virusi, asubuhi na jioni. Akanenepa kidogo. Siku moja, akiyeyushiwa kidonge kwenye maji, akamwambia muuguzi Ruthi, "Shikamoo. Leo usitie maji mengi, utamu unapotea." Lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ubongo. Mei shingo ikakakamaa. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025.

Ameacha mama, bibi, baba, ambaye mpaka leo hajapima, na mdogo wake Yona, wa miezi tisa, aliyeanza kukohoa wiki iliyopita. Jana, maturubai yakifungwa, Ernesti alisema Yona asitoke mpaka matanga yaishe.

Beatrisi anamjibu mbele ya jeneza hili. Tukitoka makaburini, yeye na Yona hawarudi msibani, wanapitiliza hospitali. Anayetaka kumzuia asimame sasa hivi, tumwone.

Loveness, mama, lala kwa amani ya Bwana. Yona tunampeleka.